Rickover na Metali Isiyoliwa na Maji

Sisi wa elimu tukisikia nyuklia huwa tunawaachia watu wa fizikia. Mimi nilimfuata Hyman Rickover kwa sababu nilisikia kwamba mwaka 1959 alitoa kitabu cha kuzikosoa shule za Marekani. Nikaishia kusoma habari za kutu, na wala sijuti.

Alizaliwa Poland mwaka 1900, baba yake fundi cherehani. Familia ikahamia Marekani, akakulia Chicago, akamaliza chuo cha wanamaji mwaka 1922. Alikuwa mfupi, mkali, hana marafiki wengi. Mwaka 1946 wakampeleka Oak Ridge kujifunza nyuklia, akarudi na wazo moja tu: nyambizi inayoendeshwa na kinu cha nyuklia.

Tatizo lilikuwa maji. Ndani ya kinu kile maji ni ya moto mno na yamebanwa yasichemke, na maji ya namna hiyo hula metali. Fueli lazima ivikwe kitu kisicholiwa, ambacho pia hakimezi nyutroni. Chuma cha pua humeza nyingi mno. Rickover akang'ang'ania zirkoniamu, wakati huo metali adimu na ghali kweli, tena huchimbwa ikiwa imechanganyika na hafniamu, mlafi wa nyutroni. Hafniamu ikatolewa. Basi wakadhani wamemaliza! Vipande vingine vilivyowekwa majini vilidumu, vingine vikageuka vyeupe na kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kumbe naitrojeni kidogo tu inaharibu. Wakaongeza bati. Halafu bonge moja likachafuliwa na chuma cha pua kwa bahati mbaya, na hilo chafu ndilo likawashinda wenzake wote. Hapo ikapatikana aloi ya Zircaloy-2: bati kama asilimia 1.5, na chembe za chuma, kromi na nikeli.

Septemba 1954, nyambizi Nautilus ikiwa bandarini, bomba dogo la mvuke likapasuka. Lilikuwa la aina isiyotakiwa, na hakuna aliyeweza kusema mengine kama hilo yamefungwa wapi. Rickover akaamuru yang'olewe yote ya aina ile, mazima kwa mabovu. Januari 17, 1955, Nautilus iliondoka kwa nguvu ya nyuklia.

Tusimfanye malaika. Mwaka 1985 alikaripiwa rasmi kwa kupokea zawadi kutoka kampuni iliyojenga nyambizi zake, na hilo kwangu linauma, maana wengine aliwabana hadi kwenye msumari. Alipostaafu mwaka 1982 aliwaambia wabunge kwamba hazionei fahari manowari zile, na angeweza angezizamisha zote.

Alifariki Julai 1986, akazikwa Arlington. Zirkoniamu yake ilibaki vinuni. Ikizidiwa na joto huungana na mvuke na kuachia haidrojeni, na haidrojeni hiyo ndiyo iliyolipua majengo ya Fukushima Machi 2011.