Chick Webb

William Henry Webb, maarufu kwa jina la Chick Webb (Baltimore, Maryland, 10 Februari 1905 – Baltimore, 16 Juni 1939), alikuwa mpiga ngoma na kiongozi wa bendi ya jazz kutoka nchini Marekani. Ni miongoni mwa wapiga ngoma wakubwa wa zama za swing, yaani miaka ya 1930 na mwanzo wa 1940, ambapo bendi kubwa zenye matarumbeta na saksafoni zilichezewa dansi nchini humo. Mwaka wake wa kuzaliwa haukubaliwi na wote. Baadhi ya vitabu hutaja 1909.

Maisha ya awali

Webb alizaliwa katika familia ya Wamarekani weusi mjini Baltimore. Akiwa mtoto alipata kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo ulimwacha na kibiongo, ukadumaza kimo chake kikabaki kama futi nne, na maumivu hayakumwacha hadi kufa kwake. Jina la Chick, yaani kifaranga, lilitokana na umbo hilo.

Inasimuliwa kwamba daktari alishauri mtoto apige ngoma ili viungo vyake visikakamae. Fedha za kununulia ngoma alizipata kwa kuuza magazeti mtaani. Alipofika umri wa miaka kumi na saba hivi alihamia New York, na mwaka 1926 alikuwa tayari anaongoza bendi yake katika mtaa wa Harlem. Rafiki yake Duke Ellington alimsaidia kupata kazi hiyo. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Kazi zilikatika mara kwa mara, na wanamuziki wazuri, kama mpiga saksafoni Johnny Hodges, waliondoka kwenda bendi zenye kipato cha uhakika.

Upigaji wake

Kwa kuwa miguu yake ilikuwa mifupi, Webb alitengenezewa pedeli maalumu na jukwaa la kumwinua. Ngoma yake ya mguu ilikuwa na kipenyo cha inchi 28, hata akiwa nyuma yake alikaribia kufichika. Hakujua kusoma noti. Badala yake alikariri kila wimbo sehemu kwa sehemu, akakaa katikati ya jukwaa na kuwaelekeza wenzake kwa mapigo. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Kwa desturi ya wakati ule mpiga ngoma alikuwa mtunza mwendo tu, na aliyesimama mbele alikuwa mpiga kinanda, tarumbeta au klarineti.

Wapiga ngoma waliomfuata, wakiwemo Gene Krupa na Buddy Rich, walimtaja kuwa mwalimu wao. Kwa bahati mbaya santuri hazimtendei haki. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi tu, na vifaa vya kurekodia vya wakati ule vilishindwa kunasa vizuri kishindo cha ngoma kubwa. Anayetaka kumsikia kwa karibu atafute "Harlem Congo" (1937) na "Liza" (1938).

Ukumbi wa Savoy

Kuanzia mwaka 1931 bendi yake ilikuwa mwenyeji wa Savoy, ukumbi wa dansi wa Harlem uliopokea weusi na weupe kwa pamoja, jambo lililokuwa nadra Marekani ya siku hizo. Ukumbi ulikuwa na majukwaa mawili, na bendi mbili zilishindana huku wachezaji wakiamua kwa miguu na makofi. Msomaji wa pwani ya Tanganyika hatashangaa, kwani katika miongo hiyohiyo vyama vya beni kama Marini na Arinoti vilikuwa vikishindana kwa ngoma, matarumbeta na mavazi.

Shindano lililovuma zaidi lilifanyika tarehe 11 Mei 1937 dhidi ya bendi ya Benny Goodman, ambaye magazeti yalimwita mfalme wa swing na ambaye mpiga ngoma wake alikuwa Krupa. Maelfu walijaa ukumbini na wengine wengi wakabaki barabarani. Uzito wa usiku huo haukuwa muziki peke yake. Goodman, Mmarekani mweupe, alikuwa amepata mauzo makubwa kwa wimbo "Stompin' at the Savoy" wa Edgar Sampson, ambao bendi ya Webb ilikuwa imeurekodi miaka miwili kabla yake, mwaka 1934. Wenye Savoy walimpa Webb ushindi, na Krupa mwenyewe alimwinamia. Januari 1938 Webb alishindana na Count Basie. Alitangazwa tena mshindi, ingawa safari hii wengi walibisha.

Ella Fitzgerald

Mwaka 1935 Webb aliletewa msichana asiye na makao ya kudumu, aliyekuwa ameshinda shindano la waimbaji wapya katika ukumbi wa Apollo. Mwanzoni alimkataa kwa sababu ya mwonekano wake, kisha akakubali kumjaribu kwenye dansi ya Chuo Kikuu cha Yale. Alikuwa Ella Fitzgerald. Mwaka 1938 wimbo wao "A-Tisket, A-Tasket", uliotokana na wimbo wa watoto, ulishika nafasi ya kwanza nchini. Umaarufu ambao Webb aliutafuta zaidi ya miaka kumi ulimfikia akiwa amebakiza mwaka mmoja wa kuishi.

Kifo

Hali yake ilidhoofika tangu mwishoni mwa 1938, lakini aliendelea kusafiri na bendi, kwa kuwa riziki ya wanamuziki wake ilitegemea maonyesho hayo. Mnamo Juni 1939 alilazwa katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, akafanyiwa upasuaji, akafariki tarehe 16. Fitzgerald aliongoza bendi hiyo hadi ilipovunjika mwaka 1942. Kituo cha michezo na burudani chenye jina la Webb kilifunguliwa mashariki mwa Baltimore mwaka 1947 kwa ajili ya watoto weusi wa mji huo.