Hakim Ajmal Khan na Mzizi wa Asrol

Hakim Ajmal Khan alizaliwa Delhi mwaka 1868, katika ukoo wa matabibu walioirithi tiba ya Kiyunani baba kwa babu. Alihifadhi Kurani angali mtoto, kisha akasomeshwa utabibu na wakubwa wake. Nawabu wa Rampur alimfanya tabibu wake, na sifa zake zikaenea Bara Hindi nzima. Wengi wamjua kwa siasa, na kwa chuo cha Jamia Millia Islamia, ambacho alikuwa mkuu wake wa kwanza tangu mwaka 1920. Sisi twataka kutaja jambo jingine.

Siku zile koo za mahakimu zilificha dawa zao kama mtu afichavyo dhahabu. Mtoto alirithi siri wala hakuuliza. Naye angaliweza kuridhika na hayo, kwani yalimtosha kwa heshima na mali. Lakini aliona kwamba elimu isiyopimwa hufa na wenyewe. Mwaka 1911 alisafiri Ulaya, na mwaka 1921 kikafunguliwa Delhi chuo cha utabibu alichokijenga. Kisha akamtaka kijana Salimuzzaman Siddiqui, aliyekuwa akisoma kemia Ujerumani, aje aanzishe pale kazi ya kuzichungua dawa za asili.

Hakim alifariki Desemba 1927, kabla kazi hiyo haijazaa. Siddiqui akauchukua mzizi wa asrol, uliotumiwa tangu kale kwa wenye wazimu na walioumwa na nyoka, akatoa ndani yake dawa iathiriyo mapigo ya moyo. Mwaka 1931 akaiita ajmalini, kwa jina la Hakim. Mwaka huo huo madaktari Sen na Bose wakaeleza kwamba mzizi huo hushusha shinikizo la damu. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil wa Bombay akalithibitisha kwa wagonjwa wake. Na mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi wakatoa ndani yake reserpini, iliyotibu presha nchi nyingi. Mizani hiyo hiyo ilidhihirisha madhara pia, kwani reserpini ikizidi huweza kumtia mtu huzuni nzito.

Basi na tuzingatie. Kwetu pia pana mizizi na majani waliyoyajua wazee. Kuyadharau ni ujinga, na kuyameza kwa kuwa wao waliyameza ni ujinga vilevile. Hakim hakuona kwamba kuzipima dawa za babu zake ni kuwavunjia heshima. Aliona ndiko kuwaheshimu. Hakujua mizani itasema nini, wala hakuishi kuisikia. Mwenyezi Mungu amrehemu.