Paroko wa Ars: Mtu Aliyesifiwa na Kushukiwa

Mwaka 1929 Baba Mtakatifu Pius XI aliwawekea maparoko wote wa dunia msimamizi mmoja mbinguni, ndiye Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa kijiji cha Ars katika Ufaransa. Wakristo wetu wanamjua vema, na wazazi wengi wamewapa watoto wao jina lake. Walakini jambo moja la maisha yake hutajwa kwa haraka, au halitajwi kabisa: ya kuwa mapadre wenzake, tena baadhi yao watu wema, walimshuku kwa miaka mingi, na wengine walimpelekea Askofu mashtaka juu yake. Twapenda kulitazama jambo hilo leo. Maana hata siku hizi, akitokea mtu wa dini aliye mnyenyekevu na watu wakamkimbilia, nyumba hugawanyika: baba humwita mtakatifu, mwana humwita mdanganyifu, na wote wawili husema kabla ya kuuliza.

Vianney alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika Dardilly, kijiji kilicho karibu na mji wa Lyon, mtoto wa nne kati ya sita wa mkulima Matthieu Vianney. Alikuwa na miaka mitatu Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza. Serikali mpya iliwataka mapadre waape kuishika sheria iliyolitenga Kanisa la nchi na Roma, na waliokataa waliwindwa kama wanyama. Jamaa ya Vianney walikuwa wakitoka gizani, kwa miguu, kwenda kusikiliza Misa katika maghala. Yohane Maria alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1799 katika nyumba moja ya Ecully, na nje ya madirisha yalisimamishwa magari ya majani makavu ili mwanga wa mishumaa usionekane. Asiyelijua hilo hataelewa kwa nini mtu huyu aliuona upadre kuwa kitu cha kutisha. Alikuwa amewaona watu wakihatarisha shingo zao kwa ajili ya Misa moja.

Shule hakuipata ila kidogo. Alipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi, Padre Charles Balley, paroko wa Ecully, alimpokea nyumbani mwake amfundishe Kilatini pamoja na watoto wadogo kuliko yeye. Kilatini hakikuingia. Mwaka 1809 akaitwa katika jeshi la Napoleon, kwa sababu jina lake halikuwamo katika orodha ya wanafunzi wa upadre waliosamehewa. Akaugua njiani, akaachwa nyuma na kikosi chake, akafuatana na mtu asiyemjua hata kijiji cha Les Noës milimani, na huko akakaa mafichoni akifundisha watoto kwa jina lisilo lake. Kwa sheria ya nchi alikuwa mtoro wa jeshi. Msamaha ulipotolewa mwaka 1810, na ndugu yake alipokubali kwenda badala yake, ndipo aliporudi kwao. Wanaopenda watakatifu wasio na doa lolote katika karatasi za serikali wataiona habari hii kuwa nzito kidogo.

Mwaka 1813 aliingia seminari kuu ya Lyon, na baada ya miezi michache akaondolewa, kwa kuwa hakuweza kufuata masomo yaliyofundishwa kwa Kilatini. Sisi tuliopita seminari kuu twajua jinsi mwanafunzi anavyotazamwa na wenzake anaposhindwa kujibu mbele ya mwalimu. Padre Balley hakukata tamaa. Alimfundisha kwa Kifaransa, akamwombea nafasi ya pili, na Makamu wa Askofu, akiisha kuuliza juu ya sala na mwenendo wa kijana huyo, akakubali apadirishwe. Upadirisho ukafanyika Grenoble tarehe 13 Agosti 1815. Lakini ruhusa ya kuungamisha hakupewa papo hapo. Yule ambaye baadaye angekaa katika kiti cha Kitubio kuliko padre ye yote wa wakati wake alianza upadre wake akiwa hakuaminiwa kuketi humo.

Mwaka 1818, Padre Balley akiisha kufariki, Vianney alitumwa Ars: nyumba chache, watu wapatao 230, kanisa dogo, na vilabu vya mvinyo visivyopungua vinne. Alitoa vyombo vizuri vya nyumba ya paroko, akalala pagumu, akala viazi alivyovichemsha mara moja kwa siku nyingi. Alihubiri vikali juu ya ulevi, dansi na kazi za Jumapili. Mwaka 1824 alifungua nyumba iliyoitwa Providence, shule ya wasichana bure, iliyogeuka pia kuwa makao ya yatima, na Catherine Lassagne alikuwa mmoja wa wanawake walioiendesha.

Sasa tuseme kweli. Katika miaka hiyo ya mwanzo paroko alikuwa mkali kupita kiasi. Aliwanyima maondoleo kwa muda mrefu watu ambao mapadre wengine wangewaondolea dhambi upesi, hasa wale waliopenda dansi. Huo ndio ulikuwa ukali wa mapadre wengi wa Ufaransa wakati ule, naye aliulegeza baadaye, hasa alipoyapata mafundisho ya Mtakatifu Alfonso wa Liguori. Basi si ajabu kwamba waliofungiwa vilabu hawakumpenda. Walimwimbia nyimbo za matusi, wakapaka uchafu mlango wake. Na msichana mmoja jirani alipozaa nje ya ndoa, wakavumisha ya kuwa paroko ndiye baba. Uvumi huo haukuwa na msingi wo wote, lakini aliuchukua kwa muda mrefu, na ulikaribia kumvunja moyo.

Wakati huohuo watu wa mbali walianza kuja. Kwanza walikuja wale waliomsikia akihubiri katika parokia za jirani, kisha watu wa Lyon, kisha wa Ufaransa nzima. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake wasafiri walikadiriwa kufika 80,000 kwa mwaka. Magari ya farasi yalifanya safari za kila siku, na katika kituo cha reli cha Lyon tikiti za kwenda Ars zilitolewa za siku nane, kwa sababu ilijulikana kwamba mtu hungoja siku nyingi kabla ya zamu yake ya kuungama. Paroko aliingia kanisani saa za usiku wa manane. Wakati wa baridi aliungamisha kwa saa kumi na moja au kumi na mbili, na wakati wa joto hata saa kumi na sita. Mwaka 1845 alikuja Padre Lacordaire, Mdominiko aliyekuwa mhubiri mashuhuri kuliko wote katika Ufaransa, akaketi miongoni mwa wakulima amsikilize padre aliyeshindwa na Kilatini.

Mapadre wa jirani waliyaona hayo kwa macho mengine. Walijua kwamba mtu huyu aliondolewa seminarini, nao waliuliza kwa haki atawezaje kuongoza dhamiri za maelfu ya watu. Waliona waumini wao wakipita mlangoni pao kwenda kuungama Ars. Waliona kanzu yake kuukuu na kofia yake iliyochakaa, wakasema anatafuta kutazamwa. Walisikia kwamba shetani humsumbua usiku kwa kelele, wakacheka, wakasema mtu akila chakula cha kutosha atapata usingizi. Paroko mmoja kijana alimwandikia barua ya kumdharau kwa ujinga wake. Naye Vianney akamjibu kwa kumshukuru, akamwomba amsaidie kupata ruhusa ya kuacha parokia, kwa kuwa yeye mwenyewe alijiona hastahili.

Hata karatasi ya mashtaka ikazungushwa kutoka nyumba ya paroko mmoja hata ya mwingine, ili itiwe saini na kupelekwa kwa Askofu wa Belley. Kwa bahati ikafika mikononi mwa mshtakiwa. Akaisoma, akatia saini yake pamoja na za wenzake, akaiacha iendelee na safari yake. Wako wanaoisimulia habari hii kama mzaha mwema wa mtakatifu. Sisi hatuioni hivyo. Alitia saini kwa sababu aliyaamini yaliyoandikwa humo.

Askofu wa Belley siku zile alikuwa Alexandre-Raymond Devie, naye twaona anastahili sifa kuliko anavyopewa. Hakukubali kelele za umati ziwe ushahidi, wala hakukubali saini za mapadre ziwe hukumu. Alifanya kazi ya askofu: alimtaka paroko amletee maswali magumu aliyokutana nayo katika kazi yake pamoja na majibu aliyoyatoa, akayapima moja moja. Majibu akayaona kuwa mazuri, akamwacha kazini, akawajulisha mapadre wake kwamba hataki mtu huyu adhihakiwe.

Hapo hatusemi kwamba paroko hakukosea kamwe. Maponya mengi yaliyosemwa kutokea Ars yeye aliyahesabu kuwa kazi ya Mtakatifu Filomena, ili watu wasimtazame yeye. Na sikukuu ya Filomena iliondolewa na Roma katika kalenda mwaka 1961, kwa kuwa habari za maisha yake hazikuweza kuthibitishwa. Tena, mwaka 1850 aliletwa Ars Maximin Giraud, mmoja wa watoto wawili waliosema walimwona Bibi Maria huko La Salette. Baada ya mazungumzo yao Vianney akafahamu kwamba kijana amekana maono yake, na kwa miaka kama minane akawa na mashaka juu ya La Salette, ingawa Askofu wa Grenoble aliyakubali maono hayo mwaka 1851. Ndivyo mtu aliyeshukiwa na wengi alivyomshuku mwingine, na hakuwa na nia mbaya. Mashaka hayo yalimtesa, naye akafurahi yalipomwondokea.

Mateso mengine yalikaa mezani pake. Tangu mwaka 1845 alipewa msaidizi, Padre Antoine Raymond, mtu wa bidii lakini mwenye ulimi mkali, aliyemkemea hata mbele ya watu na kujiona kuwa paroko wa kweli. Vianney alimvumilia miaka minane na kuwatetea watu wasimchukie. Providence, nyumba aliyoipenda kuliko kitu cho chote cha kazi yake, ikachukuliwa kutoka kwa wasaidizi wake na kukabidhiwa masista mwaka 1847. Ni kweli mpango wa fedha na mafundisho ulihitaji kutengenezwa, lakini moyo wake ulijeruhiwa. Nazo heshima za wakubwa hazikumponya. Mwaka 1852 Askofu Chalandon alimvika joho la kanoni, naye akaliuza kwa faranga 50, akazitoa kwa maskini. Mwaka 1855 serikali ya Napoleon wa Tatu ilimpa nishani ya Legion ya Heshima. Hakuivaa, iliwekwa juu ya jeneza lake.

Aliyemshuku Vianney kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Vianney mwenyewe. Zaidi ya mara moja alijaribu kutoroka Ars, apate mahali pa kulilia dhambi zake. Mwaka 1843, baada ya ugonjwa uliokaribia kumwua, aliondoka usiku akaenda kwao Dardilly. Wasafiri wakamfuata huko, akarudi. Usiku mmoja wa Septemba 1853 aliondoka tena. Kengele ya hatari ikapigwa, watu wakaamka wakidhani ni moto au wezi, wakatoka na silaha za shambani, wakamzingira paroko wao njiani wakilia. Akageuka nyuma, akavaa rokito na stola, akaketi tena katika kiti cha Kitubio.

Humo alikaa miaka sita mingine, hata joto kali la Julai 1859 lilipommaliza nguvu. Alifariki tarehe 4 Agosti, kabla ya mapambazuko, akiwa na miaka 73. Siku ya maziko walikuja watu wapatao 6,000 katika kijiji kile kidogo, na mapadre wapatao 300.