Alister MacKenzie, munganga aliyechora viwanja vya gofu

Kila mwaka, mwezi wa nne, televisheni zinaonyesha mashindano ya gofu ya Augusta, jimbo la Georgia, Marekani. Majani mabichi, maua, na koti la kijani kwa mshindi. Ndugu msomaji, mtu aliyechora uwanja ule pamoja na bingwa Bobby Jones hakuuona ulipomalizika, tena pesa yake hawakumulipa yote.

Alister MacKenzie alizaliwa 1870 huko Normanton, Uingereza, kwa wazazi wa asili ya Scotland. Alisoma Cambridge, akawa munganga. Akaenda kutibu askari katika vita ya Makaburu, Afrika ya Kusini, na kule ndiko akili yake iligeuka. Aliona namna Makaburu wanajificha: mahandaki yao yalifuata sura ya udongo, adui anaangalia lakini haoni kitu. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia alifundisha askari wa Uingereza ufundi ule. Kumbe ndio huo huo aliingiza katika gofu. Vilima na mitego ya mchanga aliyoichimba, mtu angesema ni Mungu aliyeviweka pale.

Gofu ni kupiga mpira kwa fimbo mpaka uingie katika shimo dogo, mara 18. Viwanja vingi vya zamani vilimwazibu mchezaji dhaifu: anakosa kidogo, mpira unazama mchangani. MacKenzie alikataa. Kwake mchezo ulikuwa kama dawa ya mwili, na dawa si ya wenye nguvu tu. Angalia shimo la 16 la Cypress Point, California, uwanja wa 1928. Shujaa anapiga mpira moja kwa moja juu ya bahari. Mwenye woga anapita kushoto, kwenye nchi kavu, anapoteza pigo moja lakini anafika.

Augusta pia aliuchora vile, na mitego michache sana. Lakini tusimsifu kwa yote. Shimo la 10 aliliweka chini bondeni. 1937 fundi Perry Maxwell alilipandisha kilimani. Mtego mkubwa wa mchanga uliokuwa unalichunga ungali katikati ya njia, na siku hizi karibu hakuna mpira unaoanguka ndani. Miteremko yake nayo ilikuwa ya majani marefu ya wakati ule. Walipoanza kuyakata mafupi sana, mpira ulikuwa unakimbia wenyewe, ikabidi mingine ipunguzwe.

Kwangu mimi, kasoro kubwa haiko katika udongo. Alichora kwa ajili ya mdhaifu, lakini kazi yake nyingi aliifanyia matajiri. Augusta ni chama cha watu wachache. Mweusi wa kwanza kuwa mwanachama aliingia 1990.

Matajiri wale, mgogoro wa 1929 uliwakausha mifuko. MacKenzie aliandika barua akiomba deni lake. Alikufa mwezi wa kwanza 1934 huko Santa Cruz, California. Mashindano ya kwanza ya Augusta yalichezwa mwezi wa tatu, mwaka ule ule. Nyumba yake ilikuwa kando ya uwanja mwingine aliouchora, Pasatiempo, na majivu yake yalimwagwa juu yake. Pale, hata asiye mwanachama anaweza kulipa, akaingia, akacheza.