Sheikh Ramiya wa Bagamoyo: mtoto aliyepitishwa chini ya milima yetu

 

Katika misikiti ya Kasulu na Kibondo liko swali ambalo halijapata kuisha. Analiuliza Mrundi aliyekimbia mwaka 1972, akarudi kwao, akakimbia tena 1993, kisha mwanawe akakimbia 2015 na kupokelewa Nduta, kambi ambayo ilikuwa imeshafungwa ikabidi ifunguliwe upya. Analiuliza Mkongo aliyeingia Nyarugusu ilipoanzishwa mwaka 1996, na leo ana wajukuu mle mle. Anaswali, anafunga, anaomba dua usiku. Mbona hajarudishwa nyumbani? Ahadi ya Allah kwa wenye kumtegemea iko wapi?

Masheikh wetu hulijibu kwa aya na hadithi, nasi hatuna la kuongeza katika hayo. Tumeona tu tusimulie habari za mtu mmoja ambaye Waislamu wengi wa nchi hii wanamjua kwa jina lakini hawajui alikotoka. Ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyefariki Bagamoyo mwaka 1931. Alitoka Manyema, mashariki ya Congo, jirani kabisa na Fizi na Uvira wanakotoka ndugu zetu wengi wa Nyarugusu. Hakwenda pwani kwa hiari yake. Alichukuliwa akiwa mtoto, akauzwa.

Tueleze kidogo hali ya Manyema zama hizo. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Unguja na pwani walikuwa wameweka vituo Nyangwe na Kasongo, na Tippu Tip ndiye aliyejulikana zaidi kati yao. Pembe zilihitaji wabebaji, na bunduki ziliwapata. Julai 1871 watu waliokwenda sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake, walimiminiwa risasi na watu wa misafara. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Vijiji vilichomwa, watoto wakatengana na mama zao. Lazima tuseme pia, ijapokuwa inatuuma, kwamba wengi wa waliofanya hayo walikuwa wakiitwa Waislamu.

Kutoka Manyema mateka walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji. Kutoka Ujiji njia ilielekea Uvinza penye chumvi, ikavuka Malagarasi, ikaingia Tabora, halafu Ugogo, hadi baharini. Misafara mingi ilikwepa kupanda huku Buha kwa sababu Abami wetu walitoza hongo nzito. Stanley alipopita mwaka huo huo wa 1871 alilipa mpaka akachoka. Kwa hiyo aliyepita njia ya Uvinza aliiacha milima yetu upande wa kushoto. Ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu, miezi mitatu au zaidi. Katika njia hiyo hakuna mtoto aliyeambiwa kuwa mwisho wake utakuwa mwema.

Bagamoyo alikaa katika nyumba ya Waarabu wa ukoo wa Lamki, watu wenye mali. Humo akapewa jina. Ilikuwa desturi ya pwani kumwita mtu aliyetolewa bara bin Abdallah, mwana wa mja wa Mungu, kwa kuwa nasaba yake haikuhesabiwa. Wanaoandikisha watoto waliofika kambini bila wazazi wataelewa maana ya jina kama hilo.

Akasoma. Alianza na Qur'ani, akaendelea na fiqhi na elimu nyingine kwa masheikh wa pwani, katika mji ambao mtumwa aliyesoma alikuwa jambo la kushangaza na pengine la kuudhi. Akapata uhuru wake, akafanya biashara, akanunua mashamba ya minazi. Hapa ndipo tunapenda ndugu zetu wapatazame vizuri. Mtu huyu hakukaa barazani akingoja riziki imdondokee kwa kuwa ana tawakkul. Alitegemea, na mikono yake ikafanya kazi.

Na nyakati zenyewe hazikuwa tulivu. Mwaka 1888 vita vya Abushiri vilizuka na Bagamoyo ikapigwa mizinga ya Wajerumani. Mwaka 1891 makao ya serikali yakahamishiwa Dar es Salaam, na biashara ikaufuata mji mpya. Agosti 1916 Waingereza wakautwaa mji kwa vita. Nyumba kubwa za zamani zilififia, na chuo cha aliyekuwa mtumwa kikazidi kujaa. Alikuwa khalifa wa Qadiriyya, tariqa iliyowapokea watu wa bara na waliokuwa watumwa bila kuwauliza ukoo. (Hatuingii hapa katika mjadala wa tariqa, wasomaji wetu wanajua wapi pa kuuliza.) Chini ya Waingereza alipewa hata uliwali wa Bagamoyo kwa muda. Mji ulioletewa mtoto wa kununuliwa ukahukumiwa naye.

Wako wanaoisimulia habari hii wakasema: basi kule kutekwa kulikuwa neema, maana ndiko kulikomleta kwenye Uislamu na elimu. Sisi hatukubali. Ndugu zake Yusuf, amani iwe juu yake, walifanya dhambi walipomtupa kisimani, na cheo alichokuja kukipata Misri hakikuigeuza dhambi ile kuwa jambo jema. Allah alimtoa katika uovu wa watu. Uovu ulibaki wa wenyewe. Kwa hiyo tusimwendee mkimbizi wa Nduta tukamwambia ashukuru kwa kuchomewa nyumba. Na tusimwahidi kuwa atarudi kwao, kwa sababu hilo Sheikh Ramiya mwenyewe hakulipata: kaburi lake liko Bagamoyo. Alichopewa ni walimu, kazi, wanafunzi, na watoto wa kumrithi. Tunaona hiyo ndiyo ahadi iliyotimizwa, ingawa haikuja kwa sura ambayo mama yake kule Manyema angeiomba.

Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alishika nafasi ya baba yake na baadaye akawa mmoja wa nguzo za TANU pale Bagamoyo. Na zikri ya Qadiriyya ilipanda ile njia ya misafara kurudi nyuma, ikafika Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa.

Allah amrehemu Sheikh Yahya bin Abdallah, na awarehemu wazazi wake.