Thomas Stevens

Thomas Stevens (24 Desemba 1854 – 24 Januari 1935) alikuwa msafiri na mwandishi mzaliwa wa Uingereza. Anajulikana kama mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli.

Alizaliwa Berkhamsted, akahamia Marekani akiwa kijana. Tarehe 22 Aprili 1884 aliondoka San Francisco kuelekea mashariki. Baiskeli yake ilikuwa ya aina ya kale, yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, bila gia. Alibeba soksi, shati la akiba, bastola na koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema lake.

Katika jangwa la nyanda za juu za Nevada barabara zilikuwa chache na mbaya, hivyo mara nyingi alifuata njia ya reli. Penye mchanga au mawe alishuka na kuisukuma baiskeli. Inakadiriwa kwamba hadi kufika Boston, tarehe 4 Agosti, alikuwa ametembea kwa miguu theluthi moja ya njia.

Mwaka 1885 aliendelea kutoka Liverpool kupitia Ulaya na Uturuki hadi Tehran, alikokaa majira ya baridi. Mwaka 1886 alikamatwa nchini Afghanistan na kurudishwa, ikambidi afike Uhindi kwa meli. Baada ya kupita China na Japani alimaliza safari mjini Yokohama tarehe 17 Desemba 1886.

Baadaye gazeti la New York World lilimtuma Afrika ya Mashariki kumtafuta Henry Morton Stanley. Alifariki London.