Rubani wa Ndege ya Milia

Mwaka jana nilipangiwa kufanya mafunzo ya ualimu kwa vitendo nyumbani kwetu Babati. Siku ya tano mwalimu mlezi wangu alitoka darasani akaniacha peke yangu na Kidato cha Pili, wanafunzi zaidi ya hamsini, kipindi cha jiografia. Wenzangu wa Elimu mnaijua hali ile. Mlango ukishafungwa, chaki inakuwa nzito ghafla.

Nikiwa katikati ya somo ndege ndogo ikapita juu ya mji, chini kabisa, kutokea upande wa Mlima Kwaraa. Darasa zima likageukia dirishani, na mimi sitadanganya, niligeuka pia. Kijana mmoja wa nyuma akauliza rubani anajuaje aanze kushuka wakati gani, maana akichelewa kidogo si ataupita uwanja? Nikasema hilo tutalijadili kipindi kijacho. Ndiyo jibu la mwalimu asiyejua.

Jioni nikaanza kutafuta, na swali la kijana yule likanirudisha kwa mtu ambaye kaburi lake nilikuwa nimeshasimama mbele yake. Nikiwa Kidato cha Tatu shule yetu ilitupeleka Ngorongoro. Basi likapita Minjingu, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, likapanda hadi ukingo wa kreta, na hapo kando ya barabara kulikuwa na mnara wa mawe wenye umbo la piramidi. Tulipiga picha, tukala mihogo, tukaondoka. Aliyezikwa pale ni Michael Grzimek. Alikufa akiwa na miaka 24.

Michael alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo, na vita ilipokwisha mwaka 1945 akawa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambayo mabomu yalikuwa yameiharibu vibaya. Kwa hiyo mtoto yule alikulia kati ya vizimba na wanyama. Baadaye akaanza kusafiri na baba yake kuja Afrika, akashika kamera, na mwaka 1956 filamu yao iliyopigwa Kongo kuhusu wanyamapori kukosa mahali pa kuishi ilishinda tuzo kwenye tamasha la filamu la Berlin. Alikuwa na miaka 22. Ni umri wangu huu wa leo, na mimi ninachosubiri ni bumu tu.

Filamu iliingiza pesa. Baba na mwana wakaamua kuzileta Tanganyika zitumike kununua ardhi ya kuongezea Hifadhi ya Serengeti. Mkurugenzi wa hifadhi wakati huo, Mwingereza Peter Molloy, akawashauri vingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa inapanga kubadilisha mipaka ya Serengeti na kuukata upande wa mashariki, na hakuna aliyejua kwa uhakika wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi katika mwaka. Kwa hiyo badala ya kununua ardhi, wakaombwa kuwahesabu wanyama. Na kuhesabu makundi yaliyotapakaa kwenye eneo kubwa kiasi kile kulihitaji ndege, na ndege ilihitaji rubani.

Hapa ndipo nilipompenda. Wangeweza kukodi rubani. Wao wakaenda kujifunza wenyewe, wote wawili, baba akikaribia miaka 50 na mtoto akiwa na 23. Hebu fikiria wewe na mzee wako mko darasa moja, mnasubiri matokeo ya mtihani uleule.

Walinunua Dornier Do 27, ndege ya Kijerumani yenye injini moja. Nilipata bahati ya kuongea na rubani mmoja wa ndege za watalii aliyekuja Babati msibani, na nikamuuliza habari za ndege za aina hiyo. Alichora kwenye mchanga kwa kijiti. Alianza na gurudumu. Ndege nyingi ndogo za siku hizi zina gurudumu la tatu mbele, chini ya pua. Do 27 ina magurudumu mawili mbele na kijigurudumu mkiani. Ikiwa chini, pua imeinuka juu, na rubani haoni vizuri kilicho mbele yake. Akitembea nayo uwanjani inabidi aende kwa kujipindapinda kama mlevi, achungulie kushoto, achungulie kulia.

Kupaa, alisema, ndiyo sehemu rahisi. Unaielekeza ndege kwenye upepo, unafungua mafuta yote, na injini inataka kuivuta pua ipinde upande mmoja, kwa hiyo unaibembeleza kwa miguu, maana usukani wa mkia unaendeshwa kwa kanyagio. Mkia unanyanyuka wenyewe. Sasa unaona mbele. Mwendo ukitosha ndege inaacha ardhi, na kazi yako ni kutokuiharakisha. Do 27 ilitengenezwa kwa ajili ya sehemu finyu: ina mabawa mapana yaliyokaa juu ya chumba cha abiria, na nyuma ya kila bawa kuna kibawa kinachoshushwa ili ndege iweze kuelea kwa mwendo mdogo. Haihitaji uwanja mrefu. Na kwa kuwa mabawa yapo juu, aliye ndani anaona chini bila kizuizi, jambo zuri sana kwa mtu anayehesabu nyumbu.

Kutua ndiko kunakomfanya mwanafunzi alowe jasho. Unakuja unashuka, na ukiikaribia ardhi unapunguza nguvu, unavuta usukani polepole, unaizuia ndege isiguse. Yaani unataka kutua, lakini dakika ile unajitahidi usitue. Mwendo unakwisha, mabawa yanashindwa kuibeba, na magurudumu yote matatu yanagusa kwa pamoja. Ukivuta mapema ndege inapanda tena kidogo halafu inaanguka kama gunia. Ukichelewa inadunda. Na hata ikishagusa hujamaliza, kwa sababu ndege ya gurudumu la mkiani ukiilegezea miguu hugeuka ghafla, mkia ukataka kuwa mbele.

Mwanafunzi hurudia mzunguko huo mara nyingi, paa, kata kona, rudi sambamba na uwanja, kata kona, tua, mwalimu akiwa kando. Halafu siku moja mwalimu anafungua mlango, anashuka, anamwambia nenda. Nikakumbuka mlango wa Kidato cha Pili ukifungwa. Tofauti ni kwamba mimi nikikosea somo, najibu kipindi kijacho.

Mwezi Desemba 1957 Michael na baba yake waliondoka Ujerumani na ndege hiyo, iliyopakwa milia kama ya pundamilia, na ubavuni imeandikwa D-ENTE. Neno hilo la mwisho kwa Kijerumani ni bata. Wakavuka Bahari ya Kati, wakaiteremka Afrika kwa vituo mpaka Afrika Mashariki, wakaweka makazi Banagi, ndani ya Serengeti.

Na hapo ikabidi wajifunze upya. Frankfurt iko chini, karibu mita 100 tu juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Serengeti upande wa mashariki ziko zaidi ya mita 1,500, na ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na jua la mchana huipunguza zaidi. Injini inakosa pumzi, mabawa yanakosa cha kushikilia. Ndege ileile inahitaji umbali mrefu zaidi ili ipae, na inapotua inaikuta ardhi ikikimbia kwa kasi kubwa kuliko alivyozoea rubani, ingawa kipimo cha mwendo mbele yake kinaonyesha namba ileile. Macho yanasema uko kasi mno, punguza, na ukiyasikiliza unaanguka. Rubani wa msibani alisema marubani wengi wageni kutoka pwani hushikwa na kosa hilo wakifika huku kwetu.

Isitoshe, uwanja mara nyingi ni mbuga tu. Rubani wa porini hupita kwanza chini chini, aone kama kuna mashimo ya ngiri kwenye nyasi, awafukuze swala, aangalie moshi au nyasi zinalalia upande gani ajue upepo. Kisha anazunguka na kuja kutua.

Michael alifanya kazi hiyo siku baada ya siku, mwaka 1958. Waligawa hifadhi katika vipande, wakawa wanaruka mistari sambamba huku watu wakihesabu kila mmoja upande wake. Jumla yao ilifika wanyama wakubwa 366,980, na kati yao nyumbu walikuwa 99,481. Wataalamu waliohesabu tena kutoka angani mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipata nyumbu zaidi ya laki mbili. Inawezekana kweli waliongezeka, na inawezekana vijana wa Banagi waliwakosa wengi. Lakini ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kujaribu kuhesabu kundi lote, na waliyoyaona kutoka juu yalionyesha kwamba njia za wanyama hazikufuata mipaka iliyokuwa ikichorwa ofisini.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye vitabu vya sifa hupitwa haraka. Ukiwa juu unahesabu vyenye miguu minne. Wamaasai walikuwa wakiishi na kuchunga Serengeti, na baba Grzimek aliamini hifadhi isiwe na watu kabisa, hata wenyeji. Mwaka 1959 Serengeti na Ngorongoro vilitenganishwa, na Wamaasai wakatakiwa kuiacha Serengeti wahamie upande wa Ngorongoro. Uamuzi ulikuwa wa serikali ya kikoloni, haukuwa wa Michael. Ila mawazo ya aina yake ndiyo yaliyoupa heshima. Jirani yangu wa bweni anatoka familia iliyohamishwa. Nilipomsimulia nataka kuandika habari za rubani huyu, aliniuliza kama kuna aliyemhesabu babu yake. Tulikaa kimya kwenye kimbweta kwa muda. Sijaacha kumpenda Michael kwa sababu hiyo, lakini tangu siku ile siwezi kuitazama picha ya ndege ile ya milia bila kujiuliza aliyekuwa chini aliionaje.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa angani peke yake, upande wa nyanda za Salei, kaskazini mwa Ngorongoro. Tumbusi, yule ndege mkubwa anayekula mizoga, akaligonga bawa la kulia. Bawa likabonyea na nyaya za usukani zikakwama. Ndege ikainamisha pua na kushuka moja kwa moja. Hapo ujuzi wote wa kutua haukuwa na kazi, kwa sababu usukani haukusikia tena mkono.

Alimwacha mke, Erika, na mtoto mdogo, na mwingine alizaliwa baba akiwa ameshakufa. Alizikwa ukingoni mwa kreta. Filamu ya Serengeti ambayo baba na mwana walikuwa wakiipiga, Bernhard aliimaliza mwenyewe, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za maisha halisi. Maabara ya kumbukumbu ya Michael ilijengwa Banagi, na kutoka hapo ikakua taasisi ya utafiti ya Serengeti. Mzee aliishi miaka mingine 28. Alifariki Frankfurt Machi 1987, na majivu yake yakaletwa kuzikwa pale pale kwenye piramidi la mawe. Sisi tukaja kulia mihogo.

Kipindi kilichofuata nilirudi Kidato cha Pili na jibu nililopewa msibani. Nilichora kioo cha mbele cha ndege ubaoni, na ndani yake uwanja. Nikawaeleza kwamba rubani huchagua sehemu moja uwanjani anapotaka kugusa, kisha anaiangalia kwenye kioo. Ikipanda juu ya kioo, hatafika, ataanguka kabla. Ikiteremka chini ya pua, ataupita uwanja. Ikitulia pale pale huku inazidi kuwa kubwa, ndiko anakokwenda. Nikawatoa nje, wakatembea kuelekea mlingoti wa bendera wakiwa wameshika vipande vya karatasi vilivyotobolewa katikati, wakichungulia. Kijana wa nyuma ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, akaanza kuwafundisha wenzake kwa kelele.

Nikawasimulia habari za Michael, wakauliza kuhusu tumbusi, kuhusu mtoto aliyezaliwa baadaye, kuhusu Wamaasai. Kengele ikalia hatujagusa mada ya siku hiyo. Msimamizi wangu kutoka chuo alikuwa amekaa dawati la mwisho tangu mwanzo, na mimi sikuwa nimemwona akiingia. Aliandika kwamba nimetoka nje ya andalio la somo. Alama alizonipa sitazitaja hapa.